Pedali ya Gitaa Si Dawa ya Mkono Mvivu

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Methali hiyo ilitungwa kabla gitaa la umeme halijafika katika nchi hii, lakini leo yafaa ibandikwe ukutani katika kila chumba cha mazoezi ya bendi, kuanzia Kisumu mpaka Mombasa. Kwa maana kipo kisanduku kidogo cha chuma, chenye ukubwa kama wa kiganja cha mkono, ambacho kazi yake ni kuipasua sauti ya gitaa kwa makusudi. Vijana wetu wengi wanakikanyaga bila kujua kilitengenezwa kwa ajili gani, wala ni wakati gani kinapasa kuachwa.

Kisanduku hicho ndicho kiitwacho pedali ya ovadraivu. Huwekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na mpigaji hukiwasha na kukizima kwa mguu huku mikono yake ikiendelea na kazi. Kikiwashwa, sauti nyembamba na safi ya gitaa hugeuka ikawa nene, yenye kukwaruza kidogo, mithili ya sauti ya mwimbaji aliyeimba usiku kucha na bado anataka kuendelea. Kikitumiwa vizuri hutia moto katika wimbo. Kikitumiwa vibaya humfunika mwimbaji, hulifunika gitaa la pili, na kumfanya msikilizaji atafute mlango.

Twaandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa. Pedali nyingi zinazouzwa hapa nchini zatoka ng'ambo, na kijana anayepiga gitaa kanisani au katika bendi ya mtaani hujinyima miezi kadhaa ndipo apate kununua moja. Akichagua kwa kufuata jina au rangi, fedha hizo zimekwenda na maji.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Gitaa la Kenya lina sifa yake duniani. Tangu miaka ya 1960 wapigaji wa benga, akina D. O. Misiani na wenzake wa Shirati Jazz, walichukua mapigo ya nyatiti wakayahamishia katika nyuzi za gitaa la umeme, kila noti ikisikika peke yake kama punje ya mahindi inayoanguka katika sinia. Wanamuziki wa Kongo na Tanzania waliofanya makao yao hapa katika miaka ya 1970, kama vile Orchestra Super Mazembe na Simba Wanyika, nao walijenga nyimbo zao juu ya magitaa mawili au matatu yanayojibizana. Mazungumzo hayo ya magitaa ni mali yetu. Pedali inayokanyagwa bila akili inaweza kuyazima kwa dakika moja.

ASILI YAKE

Ovadraivu ilianza kama kasoro ya mitambo. Amplifaya za zamani zilitumia valvu za kioo, kama redio za wazee wetu. Amplifaya ya namna hiyo ikifunguliwa sauti kupita kiasi, valvu hufika mahali pasipoweza kuukuza umeme zaidi, na vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, kama kofia ya mtu mrefu inavyoangushwa na kizingiti cha mlango mfupi. Mafundi wa mitambo waliona ni aibu. Wapiga gitaa waliona ni utamu.

Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis, Marekani, kurekodi wimbo uitwao "Rocket 88". Amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika njiani, spika yake ikajazwa karatasi ili itoe sauti, na ule mkwaruzo uliotoka ukaachwa katika santuri kama ulivyo. Mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks huko Uingereza alichukua wembe akaichana spika yake kwa makusudi. Maestro Fuzz-Tone, kisanduku cha kuleta mkwaruzo huo kwa kukanyaga, kilikuwa kimekwisha kuingia madukani tangu mwaka 1962, lakini watu hawakukikimbilia mpaka Keith Richards wa The Rolling Stones alipokitumia katika "Satisfaction" mwaka 1965.

Kisanduku cha namna hiyo huitwa fazi, na sauti yake ni kali, kama nyuki waliochokozwa. Ovadraivu ni ndugu yake mpole. Nia yake ni kuiga ile amplifaya ya valvu iliyofunguliwa sana, bila kuwatoa majirani usingizini. Hapo Wajapani ndio waliofanya kazi kubwa. Mwaka 1977 kampuni ya Boss ilitoa OD-1, yenye vitufe viwili tu vya kuzungusha. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, Ibanez ikatoa Tube Screamer TS808, iliyobuniwa na mhandisi Susumu Tamura. Mwaka 1981 Boss ikatoa SD-1, ambayo ingali ikitengenezwa hadi leo. Pedali nyingi mno za ovadraivu zilizokuja baadaye ni watoto au wajukuu wa hizo.

Twaeleza haya ili msomaji afahamu kwamba ndani ya kisanduku hicho hamna uganga. Mna chipu ndogo ya kukuza umeme, dayodi mbili au tatu za kukata vilele vya mawimbi, na vipande vingine vidogo ambavyo fundi yeyote wa redio anavijua. Chipu iliyotumiwa katika TS808, ya aina ya 4558, ni ya kawaida kabisa na imetumika katika vyombo vingi vya sauti vya majumbani. Anayeambiwa kwamba pedali fulani ina siri isiyopatikana mahali pengine popote, na ashike mfuko wake vizuri.

Upo mfano wa Klon Centaur, pedali iliyotengenezwa na Mmarekani Bill Finnegan kuanzia mwaka 1994. Zilitoka kama 8,000 hivi, kisha akaacha kuzitengeneza. Hivi leo moja iliyotumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Ni pedali nzuri, hakuna anayekana. Lakini mtengenezaji mwenyewe, alipotoa pedali nyingine baadaye, aliandika juu yake maneno ya kuwakumbusha watu kwamba kelele zote hizo za sifa si yeye aliyezianzisha. Mwenye mali akisema hivyo, mnunuzi hana budi kusikia.

SI JAMBO GENI

Wapo wasomaji watakaosema kwamba sauti ya mkwaruzo ni ya kigeni, kwamba ni makelele ya Wazungu, na kwamba mwanamuziki wa Kiafrika hana haja nayo. Hoja hiyo husemwa kwa nia njema, ya kulinda utamaduni, lakini haina msingi.

Tazama endongo, ala ya nyuzi ya Waganda. Huwambwa ngozi ya kenge, na nyuzi zake huachwa karibu sana na ngozi hiyo ili zikitikisika ziiguse na kutoa mvumo wenye kukwaruza. Tazama likembe ya Kongo, ambayo vijiti vyake vya chuma huvishwa vipete vidogo ili kila noti iwe na mlio wa pembeni. Wazee waliozitengeneza ala hizo walijua kutoa sauti safi kama wangetaka. Walichagua mkwaruzo kwa sababu sauti yenye mkwaruzo husikika mbali, na huonekana kuwa na uhai.

Huko Kinshasa, bendi ya Konono No. 1 iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi ilizifunga likembe zake sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari makuukuu, ikazipitisha katika amplifaya za kujitengenezea, na mkwaruzo uliotokea ukawa ndio sura ya muziki wao. Santuri yao iitwayo "Congotronics" ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya waliduwaa. Jirani zetu wa Zambia nao, katika miaka ya 1970, walikuwa na bendi kama WITCH na Ngozi Family zilizotumia fazi kwa wingi mpaka muziki wao ukapewa jina la Zamrock. Na katika jangwa la Niger, Mdou Moctar hupiga gitaa la Kituareg lenye ovadraivu ya kuunguza, na hakuna anayeweza kusema kwamba si la Kituareg.

Kwa hiyo hatusemi pedali ipigwe marufuku. Tunachosema ni kwamba kila mmoja kati ya hao alijua anachokitafuta kabla ya kukanyaga.

DO, MI NA SO

Iko sababu ya kitaalamu inayowafanya wapigaji wetu wawe na hadhari kuliko wale wa roki, nayo haisemwi madukani. Tutaieleza kwa hesabu nyepesi.

Katika kwaya zetu watoto hufundishwa do, mi, so. Tuseme do ni mitetemo 440 kwa sekunde. Mi ya gitaa itakuwa 554, na so itakuwa 659. Noti mbili zikipita pamoja katika ovadraivu, mashine haizikati kila moja peke yake. Huzikata kwa pamoja, na hapo huzaliwa noti nyingine ambazo mpigaji hakuzipiga. Moja katika hizo ni tofauti ya zile mbili. Do na so huzaa mtoto wa 219, na do ya chini ni 220. Mtoto huyo amefanana na wazazi wake, na sauti huwa nene na tamu. Lakini do na mi huzaa mtoto wa 114, ilhali do ya chini zaidi ni 110. Mtoto huyu hafanani na mtu yeyote katika ukoo, na akianza kulia, nyumba nzima huchafuka.

Ndiyo maana wapigaji wa roki, wakiwa na mkwaruzo mwingi, hupenda kushika do na so peke yake na kuiacha mi. Sisi je? Gitaa la benga na la rumba hupenda kutembea noti mbili mbili bega kwa bega, do na mi, re na fa, au zikipishana kwa hatua sita. Huko ndiko uliko utamu wake wote. Mpigaji anayefungua ovadraivu mpaka mwisho kisha akapiga mapigo hayo amejitafutia matope, na pedali haina lawama.

Jambo la pili ni nguvu ya mkono. Mpigaji hodari hugusa uzi kwa upole hapa na kwa nguvu pale, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya wimbo uzungumze. Ovadraivu hupunguza tofauti hiyo kwa sababu hukata vilele. Noti ndogo hupanda, noti kubwa hushushwa, na zote hulingana. Kidogo cha hali hiyo hufanya solo itiririke kama maji. Kikizidi, hodari na mwanafunzi husikika sawasawa, na pengine hiyo ndiyo sababu mwanafunzi anaipenda. Noti aliyoikosea hufichika katika moshi. Lakini mkono uliofichwa haujifunzi, na siku betri itakapokwisha katikati ya wimbo, ukumbi mzima utajua.

KUCHAGUA

Anayetaka kununua na aanze kwa kuitazama amplifaya yake mwenyewe. Pedali haina sauti yake peke yake. Husikika kupitia kwa jirani zake. Pedali za ukoo wa Tube Screamer, mathalani, hupunguza besi na kuinua sauti za katikati. Mbele ya amplifaya ya valvu iliyo karibu kuanza kukwaruza yenyewe, hali hiyo hufaa sana, kwa maana pedali huisukuma kidogo na valvu humaliza kazi. Marehemu Stevie Ray Vaughan wa Marekani, aliyefariki mwaka 1990, alijulikana kwa namna hiyo: amplifaya zenye sauti kubwa, nyuzi nene, na Tube Screamer ya kusukuma tu. Lakini katika amplifaya ndogo ya transista, yenye spika ya kadiri ya sahani, pedali hiyo hiyo huweza kusikika nyembamba kama simu ya zamani. Hapo yafaa ijaribiwe pedali isiyokata besi.

Wengi wetu hawana amplifaya ya gitaa hata kidogo. Katika makanisa na kumbi nyingi gitaa huchomekwa moja kwa moja katika mtambo wa kuchanganyia sauti. Hao wajihadhari zaidi. Spika ya gitaa, kwa jinsi ilivyoundwa, hushusha sana sauti za juu zinazopita kiasi cha mitetemo 5,000 kwa sekunde, na hivyo huchuja ule ukali unaozalishwa na ovadraivu. Spika za ukumbi hazichuji. Hutoa kila kitu, na gitaa husikika kama nyuki waliofungiwa katika mkebe. Mpigaji wa namna hii atafute pedali au mashine yenye sehemu ya kuiga spika ya gitaa, au amwombe fundi wa mitambo azishushe sauti za juu katika njia yake.

Kisha alitazame gitaa lake. Gitaa lenye sumaku za koili moja hutoa sauti kali na nyembamba, na huvuta mvumo wa umeme kutoka katika taa na waya za ukumbini. Ovadraivu huukuza mvumo huo pamoja na muziki. Gitaa lenye sumaku za koili mbili limetulia zaidi, lakini sauti yake ni nene na huingia katika mkwaruzo mapema. Kiasi kinachofaa gitaa moja huweza kulizamisha jingine.

Dukani, mnunuzi aende na gitaa lake mwenyewe na aombe amplifaya inayofanana na ile ya nyumbani. Asikubali kujaribishwa kwa gitaa la bei ya juu na amplifaya ambayo hatainunua. Kwanza aipige sauti safi. Halafu aiwashe pedali na kuzungusha kitufe cha sauti, kile kilichoandikwa "Level", mpaka ukubwa wa sauti uwe sawa pedali ikiwa imewashwa au imezimwa. Hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu sikio la binadamu hudanganyika upesi: kitu chenye sauti kubwa zaidi huonekana kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua jambo hilo.

Baada ya hapo, mitihani mitatu inatosha. Apige do na mi pamoja, polepole, na asikilize kama noti zote mbili zinaeleweka. Apige uzi kwa upole, kisha kwa nguvu, na asikilize kama pedali inautii mkono wake. Mwisho, apunguze kitufe cha sauti katika gitaa lenyewe mpaka nusu, na asikilize kama mkwaruzo unasafika. Pedali inayofaulu mitihani hii, iwe na jina kubwa au isiwe nalo, inafaa kununuliwa. Inayoshindwa irudishwe rafuni hata kama msanii mashuhuri anaipenda.

Kwa pedali iliyotumika, akague swichi ya mguu, matundu ya kuchomekea waya, na vitufe kama havikwaruzi vinapozungushwa. Ajue pia kwamba majina makubwa huigizwa. Kisanduku chenye nembo maarufu na bei ya kutupa ni cha kutilia shaka kabla ya kukifurahia.

Asisahau umeme. Pedali nyingi za ovadraivu hutaka volti 9 za umeme kama wa betri, na ncha ya kati ya plagi iwe hasi. Si zote, na baadhi ya zile za zamani hutaka kinyume. Adapta isiyolingana yaweza kuiua pedali kwa sekunde moja, kwa hiyo maandishi yaliyo kando ya tundu la umeme yasomwe kwanza. Anayetumia betri akumbuke kwamba katika pedali nyingi betri huanza kuliwa mara tu waya wa gitaa unapochomekwa, hata kama taa haijawaka. Waya uchomolewe mazoezi yakiisha.

KUTUMIA

Ovadraivu ya kawaida ina vitufe vitatu. "Drive" ni kiasi cha mkwaruzo, "Tone" ni ukali wa sauti, na "Level" ni ukubwa wake. Mwanafunzi akikuta vitufe hivyo, mkono wake hukimbilia "Drive" na kuizungusha mpaka mwisho. Sisi twashauri aanze kinyume. "Drive" iwe karibu na chini kabisa, "Tone" katikati, na "Level" ipande kidogo kupita sauti ya kawaida. Kisha aongeze mkwaruzo kidogo kidogo mpaka ausikie, na arudi nyuma hatua moja. Kiasi kinachoonekana kidogo chumbani mtu akiwa peke yake huwa kinatosha, na aghalabu huzidi, ngoma na besi zikiingia.

Huo ndio mpango unaofaa solo ya benga au sebene. Mpigaji anapotoka katika kuwasindikiza waimbaji na kuingia katika solo yake, hukanyaga, sauti yake hupanda kidogo na kunenepa kidogo, na watu hugeuka kumtazama. Waimbaji wakirudi, hukanyaga tena na kuwapisha. Pedali isiyozimwa ni sawa na mtu anayepiga kelele katika mazungumzo yote: baada ya muda hakuna anayejua ni lini amesema jambo la maana.

Bendi yenye magitaa mawili ipatane. Wote wawili wakikanyaga kwa wakati mmoja, majibizano hufa. Mmoja akikwaruza, mwenzake abaki safi, na wabadilishane kwa zamu. Gitaa la kati lenye kazi ya kushika mwendo lina haja ndogo mno ya pedali hii.

Mpangilio wa pedali nao una sababu. Mwenye wa-wa na aiweke kabla ya ovadraivu, na mwenye koro, mwangwi na vionjo vya namna hiyo aviweke baada yake. Mwangwi ukitangulia, noti iliyopita na noti ya sasa huingia pamoja katika mashine ya kukata vilele, na wale watoto wasiofanana na wazazi, tuliowataja hapo juu, huzaliwa kwa makumi. Mwangwi ukifuata nyuma, kila noti hukatwa kwanza, ndipo irudiwe kwa usafi.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya visanduku yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mashine moja ya kidijitali, au hata simu, hubeba ovadraivu makumi kadhaa. Ni kweli, na nyingine kati yake ni nzuri sana. Lakini do na mi hazijui kama zimekatwa kwa dayodi au kwa programu. Kanuni ni zile zile, na mwenye ovadraivu hamsini ana nafasi hamsini za kuchagua vibaya.

WITO WETU

Kwa wenye maduka ya ala, twaomba mteja aachwe ajaribu. Duka linalofunga pedali katika kabati la kioo na kukataa ichomekwe linauza masanduku. Kijana anayelipa akiba yake ya miezi kadhaa anastahili dakika ishirini na amplifaya ya wastani.

Kwa viongozi wa makanisa na kumbi, twasema kwamba mara nyingi lawama zinazoelekezwa kwa mpiga gitaa ni za mtambo. Kabla ya kumwambia kijana kwamba muziki wake ni wa shetani kwa sababu unakwaruza, na itazamwe kwanza kama gitaa lake limepewa spika inayolifaa.

Kwa mafundi wetu wa umeme na vyuo vya ufundi, twauliza swali moja. Luthuli Avenue jijini Nairobi imejaa watu wanaotengeneza redio, simu na televisheni kila siku. Pedali ya ovadraivu ni nyepesi kuliko vyote hivyo. Ikiwa wanamuziki wa Kinshasa waliweza kujitengenezea sumaku na amplifaya kwa vyuma vilivyotupwa, ni nini kinachotuzuia kutengeneza kisanduku chenye chipu moja na dayodi tatu, tena kilichopimwa kwa mapigo ya benga badala ya mapigo ya Texas? Pedali inayoziacha do na mi zieleweke ingepata wanunuzi Kampala, Dar es Salaam na Lubumbashi, achilia mbali hapa nyumbani.

Na kwa vijana wenyewe, neno letu ni fupi. Waliojenga jina la gitaa la nchi hii walifanya hivyo kwa vidole, kwa masikio, na kwa saa nyingi za kurudia pigo moja mpaka likatulia. Pedali huongeza kilichopo, haileti kisichokuwapo. Jifunze wimbo wako kwa sauti safi kwanza, mpaka asiyejua gitaa aweze kuufuata kwa mluzi. Baada ya hapo nenda dukani. Pedali haitakuwa imekimbia.